Vitamini ya Ng'ombe Ndani ya Chai Yangu

Nimeketi kuandika haya kwa sababu sasa naweza kuketi. Yalikuwepo majira mazima ambayo sikuweza. Nililala, au niliinama juu ya ndoo, au nilisimama chooni nimeshikilia ukuta. Kama wewe pia umeandikiwa vitamini na daktari, au umejiandikia mwenyewe, unisome mpaka mwisho hata kama utacheka. Wengi hucheka. Nimezoea, ingawa uso bado hunichoma.

Mimi ni mtu wa kutotulia. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi nje kidogo ya Kitale, na nilipomaliza kidato cha nne kila mtu nyumbani alitarajia nishike jembe. Nikashika barabara. Nimepakia magogo, nimekuwa dalali wa mahindi, nimeuza viatu vya mitumba Cheptais kwenye ukungu mzito kiasi kwamba mteja ulimsikia akikohoa kabla hujamwona. Hata leo nautamani ukungu ule. Mke wangu, Nasimiyu, ambaye ni mwalimu wa nasari, husema mimi hupenda mahali nikishaondoka.

Nilipokaribia miaka arobaini alinisihi nitulie, tukiwa tayari na watoto wawili. Nikapata kazi ya kulinda ghala la mahindi Kitale. Usiku nilikesha ndani ya ghala, mchana nililala nyuma ya pazia zito. Nilikaa hivyo miaka kadhaa, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote, na jua nililiona kwa nadra kama mgeni wa mbali. Kisha mifupa ikaanza. Nyonga ziliuma, miguu ikauma kuanzia goti kushuka, na kuinuka kitandani kukawa kazi ya kupangwa.

Kwenye kliniki nilipigwa picha, nikatolewa damu, na daktari akaniambia mwili wangu umekosa vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza ikipata jua. Akanipa vidonge vya mafuta, vinavyong'aa kama macho ya samaki.

"Kimoja kwa wiki," akasema. "Umesikia? Kwa wiki, si kwa siku. Vikiisha unarudi tukupime, hata kama umepona."

Nilivimeza Jumapili baada ya kanisa ili nisisahau. Mvua za masika zilipoanza, maumivu yalikuwa yamepungua sana. Sikurudi kupimwa. Mtu wa aina yangu akiacha kuumwa huona njia imefunguka. Niliacha ulinzi, nikachukua baiskeli na masanduku mawili, nikaanza kuzungusha bidhaa za agroveti sokoni: dawa ya kupe, chumvi ya ng'ombe, vitamini za kuku na za mifugo. Nilikuwa juani kutwa nzima, kichwa wazi, nikiimba.

Baridi ya katikati ya mwaka ilipokuja, magoti yakaanza tena kulalamika. Leo najua yalilalamika kwa sababu ya vilima na baiskeli. Siku hiyo niliangalia chupa mkononi mwangu, imeandikwa A, D na E, nikajiambia vitamini ni vitamini. Asubuhi iliyofuata nilimimina kifuniko kimoja ndani ya chai. Haikuwa na ladha mbaya. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Na kwa kuwa nilitaka kupona haraka nirudi milimani Cheptais, nikanunua pia vile vidonge vya mafuta dukani, nikawa namumunya kimoja kila nilipokumbuka. Hakuna aliyeniuliza cheti cha daktari.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima nilieleze, maana ndilo lililonifunga mdomo baadaye. Chupa ile ilikuwa na picha ya fahali, na maandishi yalisema inaongeza nguvu za uzazi kwa mifugo. Sokoni mwanamume akiinunua bila kuwa na ng'ombe, wenzake walimpigia makofi. "Mama ako na bahati!" walimwambia. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka nao huku nikipokea noti. Kwa hiyo yangu niliificha chini ya gunia la chumvi, na sikumwambia mtu, hata Nasimiyu.

Kiu ndiyo ilitangulia. Niliacha maji ya chupa, nikaanza kunywa ya mtungi, kisha nikawa nasimama kwenye visima vya watu. Mkojo nao haukunipa nafasi. Niliteremka baiskeli kila baada ya kilima, mtu mzima, nikitafuta migomba ya kujificha. Chakula kikanichukiza. Tumbo likafunga siku baada ya siku, kisha likawa linauma kwa kufunga. Suruali ikaanza kushikiliwa na kamba. Na kila nilipojisikia mnyonge, niliongeza kifuniko asubuhi. Nilikuwa najitibu kwa kitu kilekile kilichokuwa kinaniua, na nilikuwa najipongeza kwa bidii.

Nyumbani walianza kunong'ona. Miaka ile mtu akikonda hivyo watu hawakuuliza, walijua. Dada zangu walianza kuniwekea kikombe changu peke yake. Nasimiyu, mtoto wetu wa tatu, mchanga bado, akiwa mgongoni, alienda akapima, akarudi na jibu kwamba hana virusi, akanishika mkono akanipeleka na mimi. Sikuwa navyo pia. Dada zangu hawakuomba msamaha, walibadilisha tu maelezo. Sasa walisema nimerogwa huko Bungoma nilikooa. Nasimiyu alisikia hayo akiwa anachambua maharagwe, na hakuinua kichwa. Nilikuwa pale. Nilisema nina kiu.

Nilianguka sokoni Kamukuywa wakati wa kuvuna mahindi. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka mdomo umejaa vumbi na mtu akisema, "Huyu si mkwe wa ule mji hapo juu ya mto?" Kwa kweli nilikuwa mkwe wa ule mji. Boma la wazazi wa Nasimiyu lilikuwa mwendo mfupi kutoka sokoni. Walinibeba wakanipeleka huko, na baiskeli na masanduku yake ikafuata.

Asiyejua desturi za Wabukusu hataelewa uzito wa jambo hilo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Tangu nimwoe Nasimiyu, nilikuwa nimeuona mgongo wa mama yake ukipotelea kwenye mahindi mara nyingi zaidi kuliko nilivyouona uso wake. Na mimi, ijapokuwa si wa kabila lao, niliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Nilijivunia. Watu walisema, "Yule Mkikuyu ana heshima." Sasa niliingizwa nyumbani kwake nimebebwa kama mzigo, nimejilowesha, na kabla hawajanilaza nilitapika mlangoni.

Asubuhi shemeji, kaka yake Nasimiyu, alinifikisha hospitali Bungoma. Kule benchi ndiyo wodi ya kwanza. Unaanzia mwisho wake, unasogea kwa makalio, unapata kujua maradhi ya wote kabla ya kufika mbele. Mwanamke mmoja aliona ninavyotazama chupa yake ya maji, akanipa yote bila neno. Sijui jina lake. Nilikunywa nikalia.

Nililazwa. Shemeji alikuwa na miwa ya kukata, Nasimiyu alikuwa Kitale na darasa na mtoto mchanga, na hospitali ilitaka mtu wa kukaa na mgonjwa. Siku ya pili mlango wa wodi ulifunguka akaingia mama mkwe na kikapu. Alichukua stuli, akaigeuza, akakaa amenipa mgongo, uso dirishani. Ndivyo alivyoamua kuikunja desturi bila kuivunja. Na alipotaka kuongea nami, aliongea na dirisha.

"Mwambieni mtu wa hapa kwamba maziwa yamechemka," aliliambia dirisha. "Mwambieni anywe yakiwa moto."

"Dirisha limesikia, mama," alijibu Mzee Wafula wa kitanda cha pili, aliyevunjika mguu na kupewa badala yake ulimi. "Linauliza kama limewekewa sukari."

Kila siku alileta maziwa. Ya ng'ombe wake mwenyewe, mazito, yenye utando juu. Niliyanywa kwa heshima, na kila siku nilizidi kuwa mbaya. Hakuna kati yetu aliyejua.

Aibu ya wodi ile siwezi kuimaliza. Nilihitaji kuinuliwa kwenda choo. Nilihitaji bomba la sabuni kwa ajili ya tumbo, na pazia la kuzungushia kitanda lilikuwa fupi. Mama mkwe alikaa bila kugeuka, shingo imenyooka, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti iliyopanda kila mimi nilipogugumia, ili asinisikie na mimi nijue hanisikii. Huo ulikuwa wema mkubwa. Wakati ule niliona afadhali kufa.

Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye viatu vilivyolia sakafuni. Alikuja na majibu ya maabara akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Njeri," akasema, maana Njeri ndiye kifungua mimba wetu, "kalsiamu kwa damu yako iko juu sana. Ndiyo inakukausha na kukuchanganya, na inaanza kuumiza figo. Tukichelewa figo zitakataa kazi. Sasa nataka kujua inatoka wapi. Wakati mwingine ni vitamini D ikizidi. Unatumia chochote? Cha hospitali, cha duka, cha kienyeji, chochote?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliiona chupa, niliona fahali, niliona kifuniko changu asubuhi. Na mbele yangu niliuona mgongo wa mama mkwe, na sikio lake.

"Nilipewa vidonge Kitale," nikasema. "Kimoja kwa wiki. Vikaisha kitambo."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Aliandika, akanitazama kidogo, akaondoka. Kwa hiyo wakaanza kutafuta kwingine. Walinipiga picha kifua, wakanipiga picha mgongo. Nikasikia neno kansa likisemwa kwa sauti ya chini na nesi, kisha nikasikia nitapelekwa Eldoret nikatobolewe mfupa. Nasimiyu alikuja mwisho wa juma na macho yaliyovimba. Nilitaka kumwambia. Lakini mama yake alikuwa pale dirishani, na Mzee Wafula alikuwa pale, na mimi nilijidanganya kwamba kwa kuwa nimeacha kuinywa, yatajiishia yenyewe. Hayakujiishia. Vitamini hiyo hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, na maziwa yaliendelea kuja.

Kilichonigeuza ni hiki. Nasimiyu alikuwa ananisimulia habari za watoto, akasema mkubwa ameng'oka jino. Nikataka kuuliza jino la juu au la chini. Nikafungua mdomo kutaja jina la binti yangu, na jina halikuwepo. Nilitafuta. Nilimwona uso wake, nguo yake ya shule, kovu la kidevuni, na mahali pa jina palikuwa peupe. Jina ambalo watu hulitumia kuniita mimi mwenyewe! Nilitabasamu nikamwambia mke wangu nimechoka. Akaondoka kwenda Kitale.

Jina la Njeri lilinirudia baada ya kulala kidogo, na hapo hofu ikanikaa. Kama jina la mwanangu limenitoka, na habari ya chupa itanitoka pia. Nitapelekwa Eldoret nikiwa sijui tena nilichokinywa, na hakuna mwingine duniani anayejua. Nilijiambia nitangoja mama mkwe atoke nje. Lakini viatu vya daktari vilianza kulia mlangoni, na mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anafungua kikapu.

"Daktari," nikasema. "Kuna kitu nakunywa."

Stuli haikusogea.

"Vitamini. Nikiwa barabarani nilikuwa naweka kwa chai kila asubuhi. Kifuniko. Wakati mwingine viwili. Na vile vidonge pia, bila kupima."

"Vitamini gani hiyo ya kifuniko?"

"Ile nauza sokoni."

"Unauza nini sokoni?"

"Ya ng'ombe," nikasema. Halafu, kwa sababu alikuwa bado ananitazama, "Ile ya fahali."

Mzee Wafula ndiye alianza, kicheko chembamba kama filimbi.

"Fahali! Bana! Si ungeanza na ya kuku kwanza, harafu tuone kama utataga?"

Wakacheka wote, hadi kijana aliyekuwa na dripu mikono miwili. Daktari alifunika mdomo kwa karatasi zake. Mimi niligeukia ukuta. Kisha sauti ikatoka dirishani, taratibu.

"Kumbe siku hizi zote nimekuwa nachemshia fahali maziwa."

Nilifikiri kicheko hakitaisha. Lakini daktari aliacha kucheka ghafla. "Maziwa? Anakunywa maziwa kiasi gani?" Alipoambiwa, akasimama. "Mama, kuanzia leo hakuna maziwa. Hata tone. Na hiyo chupa naihitaji, nisome ina nguvu gani. Iko wapi?"

Iko kwa baiskeli, nikasema, chini ya gunia la chumvi.

Mama mkwe alifunga kikapu na kuondoka. Nilijua amekwenda kuwaambia watu wake watoe mizigo yangu nje. Jua lilipoanza kuteremka alirudi, vumbi hadi magotini. Chupa alikuwa ameizungushia leso mara nyingi, kama mtu anayebeba kitoto kwenye baridi, na alimkabidhi daktari pembeni mkono kwa mkono, ili wodi isiuone ule mchoro. Kisha akaketi, akanipa mgongo, akaliambia dirisha, "Mwambieni mtu wa hapa nimeleta ndizi. Ndizi si maziwa." Nilizila nikilia. Sidhani hakujua.

Eldoret sikupelekwa. Nilitundikiwa dripu moja baada ya nyingine, maji ya chumvi, hadi nikawa nakojoa kama mfereji. Nilipewa sindano, na baadaye vidonge vilivyonivimbisha uso, hata Njeri alipokuja aliuliza baba yake yuko wapi. Kiu ilipungua mwisho wa mavuno. Tumbo likafunguka. Niliruhusiwa kwenda Kitale mashamba yakiwa makavu na watu wakichoma mabua, na niliambiwa nisinywe maziwa, nisile omena, wale dagaa wanaoliwa na mifupa yao, nisikae juani, nisimeze chochote bila kuuliza. Mimi, mtu wa barabarani, nilikaa ndani tena nyuma ya pazia. Kila mwezi nilirudi kutolewa damu. Vidonge vya uso vilipunguzwa kidogo kidogo hadi mvua za masika. Mara ya mwisho daktari aliniambia figo moja na nusu imerudi, ndivyo alivyosema ili nielewe. Ile nusu nyingine ni yangu ya kubeba.

Nasimiyu hakunigombeza kuhusu fahali. Alinigombeza kuhusu maharagwe, ile siku dada zangu waliposema nimerogwa kwao, na mimi nikasema tu nina kiu. Alikuwa ameihifadhi. Tulikaa nayo siku nyingi nyumbani, na sitaandika tulivyoimaliza, kwa kuwa hatujaimaliza.

Sasa niwaambie ninyi mnaovimeza. Vitamini D ni dawa. Mimi ilinisaidia kweli, ilipokuwa kimoja kwa wiki na mtu anayenipima. Ukiambiwa wiki, ni wiki. Ukiambiwa urudi, rudi hata kama unacheza mpira. Usichanganye ya huku na ya kule ukidhani hazijuani tumboni. Ya mifugo waachie mifugo. Ukianza kuwa na kiu isiyoisha, kichefuchefu, tumbo kufunga, akili kuteleza, beba chupa zako zote uende nazo, zote, hata ile unayoificha. Hasa ile unayoificha.

Nimerudi sokoni Kamukuywa, polepole, kwa meza moja na mwavuli. Juzi alikuja mwanamke mwenye gumboti, akaomba vitamini ya mifugo.

"Ng'ombe wangapi, mama?"

Akasitasita. "Si ng'ombe. Ni miguu ya mama yangu. Tuliambiwa inasaidia, na chupa ya kwanza imeisha."

Wanaume wawili wa meza ya pili walikuwa wanasikiliza. Uso wangu ukaanza kuchoma. Nikamwambia hata hivyo, kwa sauti ya kawaida, kwamba mimi niliinywa, yote, chai, fahali, hospitali. Wale wawili waliegemeana kwa kicheko. Mmoja akalia kama ng'ombe. Mwanamke hakucheka.

"Kwako ilianzaje?" akauliza.

"Kiu."

"Ameanza kuamka usiku kunywa maji," akasema. "Tulidhani ni joto."

Nikamwomba mwenye meza ya pili, yule aliyelia kama ng'ombe, aniangalizie bidhaa. Nikafunga mwavuli, nikaenda na yule mwanamke kumchukua mama yake, tumfikishe hospitali.